Jumba Likiyumba, Mwenyeji Aambiwe

Kuna jambo moja ambalo wenye majumba marefu duniani hawapendi kulitaja mbele ya wapangaji wao, nalo ni kwamba majumba hayo huyumba. Hayayumbi kwa ubovu, wala si kwa sababu mkandarasi aliiba saruji. Huyumba kwa kuwa yamesimama katika njia ya upepo, na kila kirefu kilichosimama katika njia ya upepo hakina budi kuinama kidogo. Sisi tuliolelewa pwani hatuhitaji kufundishwa hayo na mhandisi. Tumeuona mnazi wakati wa kusi ukilala na kuinuka, na tulijua tangu utotoni kwamba mnazi unaopinda ndio utakaouona mwaka ujao, ilhali mti mkavu usiojua kupinda huvunjika.

Sikusudii kuwatisha wasomaji wanaofanya kazi au kulala orofa za juu. Ninalotaka kusema ni kwamba kuyumba kwa jumba si aibu. Aibu ni kumficha aliye ndani yake. Na kwa kuwa Nairobi inazidi kurefuka mwaka baada ya mwaka, naona wakati umewadia wa kulizungumza jambo hili peupe, kabla desturi ya kunyamaza haijaota mizizi kwetu kama ilivyoota kwa wenzetu waliotutangulia kujenga.

Hebu tuanze na upepo wenyewe. Wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma jumba likainama mbele tu, mfano wa mtu anayesukumwa mgongoni. Hilo hutokea, lakini si hilo tu. Upepo unapolipiga jumba hugawanyika, sehemu moja ikapita kushoto na nyingine kulia. Nyuma ya jumba sehemu hizo hujiviringa zikawa visulisuli vinavyobanduka kwa zamu, kimoja upande huu, kingine upande ule, na kila kimoja hulivuta jumba kidogo kuelekea upande wake. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa asili wa jumba lenyewe, hali huwa kama ya mtoto kwenye pembea anayesukumwa kila anaporudi: misukumo midogo midogo huzaa mwendo mkubwa. Ndiyo maana aghalabu jumba refu huyumba kiubavu, si kule upepo unakoelekea.

Je, husogea kiasi gani? Wahandisi wengi hufuata kanuni kwamba kilele cha jumba kisisogee zaidi ya takriban sehemu moja ya 500 ya kimo chake. Kwa jumba la mita 200, hizo ni kama sentimita 40, tena katika upepo mkali kabisa, usiovuma ila mara moja katika miaka mingi. Jumba la orofa 30 au 40 huchukua kama sekunde 3 au 4 kwenda na kurudi. Majumba marefu zaidi huchukua muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, umbali huo sio unaomsumbua binadamu. Aliyewahi kusafiri kwa matatu anaifahamu siri hii. Gari likienda kwa mwendo mmoja, hata wa kasi, abiria husinzia. Lakini dereva akimwona mteja kando ya barabara na kukanyaga breki ghafula, abiria yule yule hujikuta mapajani mwa jirani yake. Mwili hauhisi mwendo. Huhisi mwendo unapobadilika. Na jumba linaloyumba hubadilisha mwendo wake kila mara, kwa kuwa kila linapofika mwisho wa safari yake fupi hugeuka na kurudi.

Wataalamu huyapima mabadiliko hayo kwa kuyalinganisha na nguvu ya uvutano wa ardhi, wakiwa wameigawa nguvu hiyo katika sehemu 1000. Watu wengi huanza kuhisi jambo linapofika kama sehemu 5. Sasa tazama vipimo ambavyo vimezoeleka miongoni mwa wahandisi wa Amerika ya Kaskazini kwa dhoruba inayotazamiwa mara moja katika miaka 10: sehemu 10 hadi 15 kwa nyumba za kuishi, na sehemu 20 hadi 25 kwa ofisi. Ofisi huruhusiwa zaidi kwa sababu mfanyakazi anaweza kuteremka akaenda zake, ilhali aliye kwake amelala kitandani katika ukimya wa usiku. Msomaji atatambua mara moja maana ya hesabu hiyo. Wajenzi hawakukusudia kuuondoa mwendo wote. Walikusudia kuupunguza tu. Vipimo vyenyewe vinakubali kwamba siku ya upepo mkali wewe uliye juu utahisi. Basi kama mchoraji alijua kwamba utahisi, kwa nini asikuambie?

Dalili zake zinajulikana. Taa ya kuning'inia huanza kucheza, maji ya chooni husukasuka, kuta na dari hulialia kama mbao za jahazi. Ndani ya sikio mna viungo vidogo vinavyoutambua mwendo wa kichwa, navyo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba tunakwenda. Macho nayo yanatazama meza, ukuta na kabati, na kusema kwamba tumetulia. Ubongo ukiletewa mashahidi wawili wanaopingana huvurugika, na mvurugiko huo ndio kizunguzungu na kichefuchefu, sawa na cha aliyejifungia ndani ya chombo baharini. Wachunguzi wamegundua kwamba mwendo wa polepole, wa kwenda na kurudi mara moja katika sekunde 5 hivi, ndio unaochafua roho kuliko wote. Na huo ndio mwendo wa majumba marefu.

Wapo pia wasiopata kichefuchefu kabisa. Wao hushikwa na uzito wa kichwa, usingizi na kukosa hamu ya kazi. Bwana mkubwa akipita hudhani kwamba karani wake alikesha ulevini, kumbe karani wa watu analewa kwa upepo.

Habari hizi si ngeni kwa wajenzi. Mwaka 1965, katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon nchini Marekani, kulitolewa tangazo gazetini la kuwaalika watu wapimwe macho bure. Walioitika walikaribishwa katika chumba cha kawaida, wakaambiwa wakadirie vimo vya pembetatu zilizoangazwa ukutani. Wasilolijua ni kwamba chumba chote kilikuwa kimewekwa juu ya mtambo, na wakati wakikadiria pembetatu zile, chumba kilianza kusogea polepole kwenda na kurudi. Aliyeongoza jaribio hilo alikuwa mwanasaikolojia Paul Hoffman, na waliotaka kupata majibu walikuwa wajenzi wa majumba mawili ya World Trade Center, yaliyokuwa yakibuniwa wakati ule kwa ajili ya New York, kila moja likiwa na orofa 110. Mhandisi wao alikuwa Leslie Robertson.

Majibu yaliwashtua. Watu walihisi mwendo mdogo zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Wengine walishikwa na kizunguzungu, na hawakujua kama kosa ni la macho yao, la chumba au la chakula walichokula. Kwa sababu ya jaribio hilo, na ya mengine yaliyofanywa kwa mifano midogo ya majumba ndani ya mahandaki ya upepo, Robertson aliweka katika kila jumba vizuizi vipatavyo 10,000 vya kumeza mtikiso, vilivyotengenezwa kwa vitu vinavyonyumbuka. Majumba yale yalisimama hadi magaidi walipoyaangusha mwaka 2001. Ujuzi uliopatikana Eugene uliwanufaisha wajenzi wengi waliofuata.

Nawasifu kwa kuuliza. Ni heri mjenzi anayemuuliza binadamu kuliko anayeuliza chuma peke yake. Lakini naomba tuutazame vizuri mwanzo huo. Walioutoa ujuzi huo kwa miili yao hawakuambiwa wanatoa nini. Walidanganywa kwamba ni macho. Huenda sayansi ilihitaji wasijue, maana anayeambiwa kwamba chumba kitasogea huhisi kinasogea hata kikiwa kimetulia. Lakini nao umma haukuambiwa, na miongo ikapita kabla habari za chumba kile hazijajulikana sana. Tangu hapo, nionavyo mimi, mazoea yakawa ni hayo: mwili wa mwenyeji hutumika kama kipimo, naye mwenyewe hafahamishwi.

Mfano mzito zaidi ulitokea New York. Mwaka 1977 lilimalizika jumba la Citicorp, lenye orofa 59, likisimama juu ya miguu mikubwa iliyowekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Kileleni liliwekewa mzigo wa saruji wa tani zipatazo 400, uliokusudiwa kwenda kinyume na mwendo wa jumba ili kulituliza. Mwaka 1978 mhandisi wake mkuu, William LeMessurier, alitambua kwamba upepo unaolipiga jumba lile kwa pembeni ungeweza kuvielemea viungo vyake, kwa kuwa vyuma vilikuwa vimefungwa kwa boliti badala ya kuchomelewa. Kwa hofu ya dhoruba kubwa, mafundi walitumwa kuvichomelea viungo hivyo usiku, makarani wakishakwenda zao, na asubuhi kila kitu kilionekana kama jana. Maofisa wa jiji waliarifiwa, na mipango ya kuwahamisha watu ikaandaliwa kimyakimya. Waliofanya kazi humo na walioishi jirani hawakupata kuujua ukweli wote hadi mwaka 1995, habari ilipochapishwa katika jarida la The New Yorker. Hiyo ni miaka 17. LeMessurier anastahili heshima kwa kulikiri kosa lake mbele ya wenye jumba. Lakini msomaji na ajiulize: je, angekuwa na mwanawe mle ndani, angeridhika kwamba wakubwa walimwamulia asichopaswa kujua?

Nao wenyeji hawasaidii, kwani wananyamaza. Wellington, mji mkuu wa New Zealand, ni mji unaosifika kwa upepo. Watafiti waliwahoji humo zaidi ya wafanyakazi 1000 wa maofisini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wengi walikuwa wamewahi kuhisi majengo yao yakisogea, na miongoni mwao walikuwapo waliopata uchovu, kizunguzungu na kushindwa kuikaza akili kazini. Walifanya nini? Walitoka nje kupunga hewa, walipumzika, au walimeza vidonge. Waliokwenda kulalamika rasmi walikuwa wachache mno. Basi mwenye jumba huketi akijisifu kwamba hajapata kusikia lalamiko hata moja, na mjenzi wa jumba lijalo huchukua ukimya huo kuwa ni ushahidi kwamba watu wameridhika. Sote tunajua kwamba kimya si kila mara ishara ya ridhaa. Mara nyingi mtu hunyamaza kwa kuogopa kuonekana mwoga, au kwa kutojua kwamba kinachomsumbua kina jina.

Kwa bahati njema, kuna waliochagua njia nyingine. Katika jiji la Taipei, huko Taiwan, jumba la Taipei 101, lenye urefu wa mita 508, lilifunguliwa mwaka 2004. Ndani yake, karibu na kilele, limening'inizwa tufe la chuma la tani 660, mfano wa timazi kubwa ya mwashi. Jumba likienda huku, tufe huchelewa na kulivuta kule. Nchi ile hupigwa na tufani karibu kila mwaka, na wajenzi wangeweza kulificha tufe hilo nyuma ya ukuta. Badala yake walilipaka rangi ya dhahabu na kuwafungulia wageni mlango waje walitazame. Mwaka 2015, tufani iliyoitwa Soudelor ilipopiga, tufe lilisogea kiasi cha mita moja, na picha zake zilitazamwa duniani kote. Sidhani kwamba jumba lile lilipoteza heshima kwa hilo. Watu waliliona likipigana na upepo, wakaliamini zaidi.

Sasa turudi nyumbani. Kwa miaka mingi jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973 likiwa na kimo cha mita 105, ndilo lililokuwa fahari ya Nairobi. Baadaye Times Tower ilifika mita 140, na mwaka 2017 Britam Tower, pale Upper Hill, ikafika mita 200. Juu yake wasanifu waliweka vinu vya kuzalisha umeme kwa upepo. Sisemi kwamba jumba hilo limewahi kumsumbua mtu yeyote. Nasema tu kwamba hakuna awekaye kinu mahali pasipo na upepo. Upepo huongezeka kadiri tunavyopanda, na utulivu wa barabarani si kipimo cha hali ya orofa ya 30.

Ni kweli kwamba Mungu ametujalia. Vimbunga vikubwa haviwezi kuzaliwa kwa urahisi karibu na ikweta, na majumba yetu mengi ni ya saruji, ambayo kwa uzito wake huyumba kidogo kuliko ya chuma kitupu. Lakini majirani zetu wa kusini wanajua kwamba baraka hiyo ina mipaka. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiteketeza mikarafuu ya Unguja, na kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024. Fauka ya hayo, bei ya ardhi Nairobi inawasukuma wajenzi kuinua majumba membamba katika viwanja vidogo, na kitu chembamba huyumba kuliko kinene. Tena siku hizi si ofisi peke yake zinazopaa, bali na nyumba za kulala wake kwa waume na watoto wao.

Najua kuna atakayenicheka. Atasema: “Ewe bwana, majengo yetu yanaporomoka na kuua, nawe unatuletea hadithi za kizunguzungu cha matajiri?” Namjibu kwa heshima kwamba sijasahau. Lile jengo la orofa 6 lililoporomoka mtaani Huruma mwezi Aprili 2016 liliwazika watu wapatao 50, na hakuna anayeweza kulinganisha roho zile na kichefuchefu cha karani. Lakini ugonjwa ni ule ule. Pale Huruma na kule New York, mwenyeji ndiye wa mwisho kuijua hali ya nyumba anayolala ndani yake. Jamii iliyozoea kuuliza juu ya mtikiso mdogo itauliza pia juu ya ufa ukutani, mlango uliokataa kufunga na nguzo iliyopasuka. Na aliyefundishwa tofauti kati ya kuyumba kwa kawaida na dalili za hatari hatakimbia siku isiyopaswa kukimbia, wala hatabaki siku ya kutoka.

Tunazo Kanuni za Ujenzi za Taifa za mwaka 2024, zilizochukua mahali pa zile zilizotumika tangu mwaka 1968. Hiyo ni hatua njema, na inatupa nafasi ya kujenga desturi mpya juu yake. Mimi ningependekeza mambo matatu.

Kwanza, kila anayepanga au kununua nafasi katika orofa za juu aelezwe kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, kwamba jumba litasogea, kwa kiasi gani, na ni lipi la kawaida na lipi si la kawaida. Karatasi moja iliyoambatanishwa na mkataba ingetosha.

Pili, majumba marefu yawekewe vyombo vya kupima mwendo, na rekodi zake ziwe wazi kwa wapangaji na kwa vyuo vyetu vikuu. Wanafunzi wetu wa uhandisi wasilazimike kusoma juu ya Boston na Taipei tu, ilhali wanayo majumba ya kupima hapa hapa.

Tatu, mfanyakazi anayesema kwamba kichwa chamzunguka siku ya upepo aaminiwe. Asidhaniwe mvivu wala mgonjwa wa akili. Apewe ruhusa ya kuteremka, apunge hewa, au ahamishiwe orofa ya chini hadi upepo utulie. Nusu saa ya kupumzika haitaifilisi kampuni yoyote.

Mababu zetu waliopakia mizigo katika majahazi hawakuwa na vyombo vya kupimia wala mahandaki ya upepo. Lakini nahodha mwenye adabu, alipoona wingu jeusi linakuja, hakuwaficha abiria wake. Aliwaambia washike mahali, wafunge mizigo yao na wawakumbatie watoto. Hakuna abiria aliyemdharau nahodha kwa kusema kwamba bahari ina mawimbi. Waliyemlaani ni yule aliyewaambia kwamba ni shwari, nao wanajiona wanapinduka. Wenye majumba ya Nairobi sasa wamekuwa manahodha wa vyombo vinavyopanda mawinguni, na abiria wao ni raia waliolipa nauli yao kwa kodi ya kila mwezi. Nawasihi waseme.